Risasi Zilizomwagwa Kwenye Mtumbwi Mmoja

Kuna kijana wa pikipiki hapa Kalundu amening'iniza risasi kwenye funguo zake. Haina baruti, ni pambo tu. Juzi alinibeba kutoka sokoni, nikamuuliza hiyo ni risasi ya bunduki gani. Akacheka, akasema, "Mzee, weye naye! Masasi ni masasi." Nikamwambia asimame. Nikashuka, nikaenda nyumbani kwa miguu na magoti yangu haya mabovu. Mke wangu akaniambia hasira hasara. Nikamwambia anitafutie karatasi, kwa maana nikinyamaza leo nitapasuka.

Ninyi vijana mnanisalimia vizuri barabarani, mnaniita mzee, mnanipisha. Asanteni. Lakini hamjui nilifanya kazi gani, na wachache wanaojua wanadhani nilikuwa mwanajeshi. Sikuwa mwanajeshi. Nilikuwa fundi wa bunduki. Nilisafisha mitutu, nilibadilisha springi, nilichonga vitako vya mbao, na zaidi ya yote nilitenganisha risasi. Kazi ya mikono na macho. Sikumpiga mtu yeyote kwa bunduki niliyotengeneza, ingawa wako watu ambao ningependa kuwapiga kwa nyundo.

Sikilizeni basi. Mtu akikuambia bunduki ni ya 7.62, amekuambia jambo moja tu: upana wa mdomo, kile kipenyo cha kichwa kinachopita kwenye mtutu. Hajakuambia urefu wa ganda. Hajakuambia unene wa kitako, wala mahali mabega ya ganda yanapoanza kupungua kuelekea shingoni. Ndiyo, risasi ina kitako, mabega, shingo na kichwa, kama ninyi, isipokuwa kichwani mwake kuna kitu. Mimi na katekista wetu tunavaa kofia ya kipimo kimoja. Siku nitakayovaa suruali yake, watoto watanifuata mpaka Mulongwe wakipiga makopo.

Zilikuwepo 7.62 za ganda la milimita 51, zilizokuja na bunduki mpya za jeshi karibu na uhuru. Zilikuwepo za milimita 63, za bunduki za kabla yake. Kitako kimoja, kichwa kimoja, ila moja ni ndefu na nyingine fupi. Zilikuwepo 7.65 za Mbelgiji wa zamani, ganda milimita 53, ambazo ukiziweka karibu na zile za 51 mtu wa haraka anakuapia kwamba ni mapacha. Baadaye zikaja nyingine fupi nene kutoka mashariki, za 39, na nyingine zenye ukingo kitakoni kama sahani. Zote hizo midomo yake imepishana kwa unene wa karatasi. Na bunduki haijui kusamehe unene wa karatasi.

Aliyenifundisha ni Mzee Feruzi, mtu wa hapahapa Uvira, mfupi, mwenye masikio makubwa. Alikuwa mkali kuliko pilipili. Ukimpa risasi ambayo hujaifuta mafuta, anakurudishia usoni. Lakini alijua kufundisha. Alikuwa na ubao wa mninga aliotoboa matundu, kila tundu na risasi yake. Ukitumbukiza risasi, inatakiwa ikae sawasawa na uso wa ubao. Ikichomoza, si yake. Ikizama, si yake. Alikuwa anasema, "Hapana kubishana na mbao. Mbao haina mujomba mu serikali."

Mnajua kwa nini alitoboa ubao? Kwa sababu sajini mmoja Mzungu wa kambi ya jeshi tulikofanya kazi, aliyeshika funguo za ghala miaka yote, alikuwa na vipimo vizuri vya chuma, na hakuwahi kuturuhusu tuviguse. Sisi ilikuwa kupaka mafuta na kubeba. Tukiuliza herufi zilizogongwa kitakoni zina maana gani, anasema haituhusu. Uhuru ulipofika na askari wakawachachamalia maofisa wao, alikimbilia Bujumbura. Alimwacha mbwa wake amefungwa kwenye mti, akabeba vipimo. Mzee Feruzi alimfungua mbwa, akatafuta mbao. Mpaka leo nikimkumbuka yule sajini natema mate, na mke wangu akiniona anajua nimemkumbuka nani.

Na msidhani wajinga walikuwa Wazungu peke yao. Kule Kiringye kulikuwa na mkulima aliyelinda mpunga wake dhidi ya viboko wa Ruzizi. Alikuwa na gobore la kisasa, la kutiwa risasi kwa nyuma, la kalibri 12. Shemeji yake alimletea risasi za kalibri 20, na kwa bunduki hizo namba ikiwa kubwa risasi ni nyembamba. Akatumbukiza moja, ikateleza ikakwama katikati ya mtutu. Akachungulia nyuma, akaona chumba kitupu. Badala ya kujiuliza imekwenda wapi, akatia ya 12 juu yake. Kiboko alikuwa anakula, anamtazama. Mtutu ulifunguka kama ndizi. Yule bwana alipoteza nyusi, nusu ya sikio na heshima yote kwa shemeji. Alipotuletea ile bunduki, Mzee Feruzi aliizungusha mikononi, akamuuliza, "Kiboko anasemaje?" Nilicheka mpaka nikatoka nje. Huyo alikuwa na bahati. Ujinga wake ulikuwa wa kwake, na sikio lilikuwa la kwake.

Ninachotaka kuwaambia ni cha watu waliolipa ujinga usiokuwa wao. Na hata ujinga haukuwa.

Mwaka wa uasi, miaka michache baada ya uhuru, waasi walipouchukua mji, walitukuta mimi na Mzee Feruzi. Hawakutuua kwa sababu walituhitaji. Walitupeleka kwenye ghala la pamba lililokuwa karibu na bandari, hapa Kalundu, wakatuonyesha masanduku. Mungu wangu, masanduku! Mengine yametekwa kambini, mengine yameletwa na maboti kutoka ng'ambo ya ziwa, mengine hata shetani hajui yalikotoka. Tulifanya kazi mpaka vidole vikawa vyeusi. Tulizipanga risasi zote kwa ubao wa matundu, kisha tukaomba vitambaa kwa akina mama wa soko la samaki tukavichana. Za 63 tukazifunga mafungu kwa kitambaa chekundu. Za 51 kitambaa cheupe. Zile 7.65 tulizifunga kwa kitambaa cha maua. Kila bunduki iliyotoka ghalani tukaifunga kitambaa cha rangi yake kitakoni. Hata asiyejua a wala be angeweza kulinganisha maua na maua. Ile ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani mwangu. Nasema hivyo bila aibu.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wa wale wapiganaji. Alikuwa anaitwa Byadunia, baba mmoja mama mmoja. Kabla ya hapo alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mtu wa kuimba na kucheka ovyo, mwenye mikono mikubwa ya kupiga kasia. Aliingia uasini kwa sababu askari wa serikali walimchapa mbele ya mkwe wake, na hilo hakulimeza. Nilimchagulia bunduki mwenyewe. Ilikuwa ile ndefu ya jeshi la zamani, inayokula risasi za 63. Nikaisafisha, nikaifunga kitambaa chekundu, nikampa.

Halafu akaja mganga. Alitoka mbali, si mtu wa kwetu, na wapiganaji walimwogopa kuliko walivyowaogopa askari. Dawa yake, ya kuwanyunyizia ili risasi za adui zigeuke maji, ilikuwa na masharti. Mengine mmeyasikia kwa wazee wenu, usigeuke nyuma, usishikane mikono na asiyenyunyiziwa. Lakini siku moja kabla ya watu kupelekwa Luvungi, kuzuia askari waliokuwa wanashuka kutoka upande wa Bukavu, alitangaza sharti jipya. Alisema risasi zetu zimetoka kwenye makaratasi ya Wazungu, zina baridi ya Wazungu, lazima zioshwe. Zitolewe kwenye masanduku na vitambaa, zimwagwe zote pamoja ndani ya mtumbwi wenye maji ya dawa. Kisha kila mpiganaji apite, achote kwa mkono wa kushoto, uso umetazama ziwa. Kuchagua ni mwiko. Anayechagua anaonyesha hofu, na hofu ya mmoja inaiondoa dawa kwa wote.

Mzee Feruzi alisimama mlangoni mwa ghala na ubao wake kifuani. Akasema, "Hata Mungu aliumba kila kitu na aina yake. Minye nilizipanga, hapana kuzichafua." Mganga aliwageukia wapiganaji. Alisema tu kwa sauti kwamba huyu mzee ana roho ya Wazungu. Ilitosha. Walimsukuma akaanguka, wakabeba masanduku yetu mpaka ufukweni. Nilisikia risasi zikimwagika kwenye ule mtumbwi, nyekundu, nyeupe, maua, zote pamoja. Sikiliza, kijana: nilisikia kazi yangu yote inamwagika kama mtu anamwaga mahindi kwa kuku.

Nikaenda kwa kamanda wa wapiganaji. Huyu kamanda ndiye ninayemwandikia hasira hii, si mganga. Mganga aliamini mambo yake. Kamanda alikuwa askari wa zamani, amebeba zile bunduki za 63 na amebeba zile mpya za 51. Hakuna nilichoweza kumfundisha. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku nyuma ya ghala, anavuta sigara.

"Kamanda, weye unajua ile mambo."

"Ninajua."

"Masasi fupi inaingia mu bunduki ya murefu. Inaingia!"

"Nimekuambia ninajua."

"Njo ubaambie."

Akatazama ziwa. "Nibaambie nini? Leo nikisema muganga amekosea, kesho wakipigwa banasema ni minye nimevunja dawa. Unajua muntu mwenye kuvunja dawa banamufanya nini."

"Ndugu yangu iko mule."

"Kila muntu iko na ndugu," akasema, akazima sigara kwa vidole. Akaondoka.

Na niwaeleze kwa nini nilipiga kelele kwamba inaingia. Risasi kubwa mno inakataa mlangoni, mtu anaitupa, anachukua nyingine. Hiyo haina ubaya. Lakini ile ya 51 ukiitia kwenye bunduki ya 63 inaingia vizuri, unafunga, unapiga. Pengine ya kwanza inatoka. Lakini mbele ya lile ganda fupi kuna nafasi tupu, na moto unalisukuma ganda lijaze ile nafasi mpaka shaba inachanika. Linang'ang'ania ndani. Bunduki imekwisha kuwa fimbo, na adui anakuja.

Nikamtafuta Byadunia kwenye mstari. Alikuwa anaimba na kucheka na wenzake. Nikamvuta kando, nikamwambia achote kama wanavyochota, lakini vidole vyake vichague majini, hakuna atakayeona. Nikamwonyesha kwenye kidole changu: fupi inaishia hapa, ndefu inapita hapa. Mtu aliyezaliwa akichambua ndagala na mchanga kwa kupapasa tu, hilo lingemshinda? Lisingemshinda hata akiwa amelewa.

Akaacha kucheka. "Yaya," akaniambia, hivyo ndivyo alivyoniita, kaka yake mkubwa. "Hapana."

"Juu ya nini hapana?"

"Nikichagua, dawa inaachia bote. Mwenzangu akikufa kule, nitamuangalia mama yake namna gani?"

"Na mama yetu?"

"Weye unaamini mbao ya Feruzi," akasema. "Minye niko na hawa batu."

Akarudi kwenye mstari. Nilimwona anafika kwenye mtumbwi. Alitazama ziwa, akainama, akatumbukiza ule mkono mkubwa wa kushoto, akainuka na risasi zimemjaa kiganjani, maji yanachuruzika. Hakupapasa hata kidogo. Akazimimina kwenye kitambaa chake, akafunga fundo, akapanda lori. Nilijua alikuwa mwaminifu. Na niliudhika na uaminifu wake kuliko ambavyo nimewahi kuudhika na wizi wa mtu.

Lori lilipoondoka mimi na Mzee Feruzi tulipiga magoti kando ya ule mtumbwi, tukaanza upya. Yeye mgongo unamuuma, mimi namtukana kila mtu, hata yeye. Tulizifuta zile zilizobaki, tukazipima kwenye ubao, na za 63 nilizitia kwenye mfuko wa unga. Nilipata nafasi kwenye gari la kupeleka mihogo, likanifikisha Kiringye asubuhi ya siku ya pili yake, dereva akasema yeye haendi mbele zaidi. Nikatembea na ule mfuko begani. Risasi ni nzito, vijana. Zile za kwenye sinema mtu anakimbia nazo kama kabeba pamba.

Sikufika Luvungi. Nilikutana na wapiganaji wanarudi kwa makundi katikati ya mashamba ya mpunga. Wa kwanza alinionyesha bunduki yake bila mimi kuuliza. Ganda limechanika ndani, kitako kimeng'oka, mwili umebaki. Wa pili vilevile. Mwingine bunduki yake haikuwahi kupiga hata mara moja, alikuwa amechota za 7.65 peke yake, zikamkatalia mlangoni. Nikawauliza nini kimetokea, wakanijibu wakiwa wamekasirika kama mimi: "Kuna muntu alichagua! Alichagua, akatuuzisha!"

Byadunia walikuwa wamemlaza ukingoni mwa mfereji, pamoja na wengine. Bunduki yake ilikuwa kando yake, na kisu cha samaki kimechomekwa kwenye chumba cha risasi. Alikuwa anajaribu kulichokonoa ganda litoke. Wakati anachokonoa ndipo askari walipompiga.

Nilifungua kitambaa chake. Mikono yangu ilifanya kazi yake bila kuniuliza: ikaanza kuzitenga pale majanini, hizi huku, hizi kule. Fungu la za 63 lilikuwa kubwa kuliko mafungu mengine. Zilikuwepo. Zake mwenyewe, za bunduki yake, zilikuwa kwenye kitambaa chake muda wote, na ile ya kwanza aliyoishika ilikuwa fupi, akaitia, kwa sababu kutazama ni kuchagua.

Mwenzake mmoja alikuwa amesimama juu yangu. Akasema kwa heshima, na machozi yanamtoka, "Huyu hakuchagua. Minye niliona. Alikuwa muntu wa kweli." Nilitaka kumrukia. Nilimshukuru.

Tulimrudisha Kalundu kwa lori la majeruhi. Mama alilia siku ya kumzika, halafu akakaa kwenye mkeka na wanawake wa kanisa. Kamanda alikuja msibani. Alikuja na walinzi wake, akapewa kiti, akaletewa bugali na samaki kama mgeni yeyote anavyopewa. Alizungumza vizuri, nakiri hilo. Alisema Byadunia amekufa shujaa, adui walikuwa wengi mno.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kutoka pale mkekani, "Baba, mulimupa masasi?"

"Tulimupa, mama. Mingi."

"Njo juu ya nini hakupiga?"

Watu wote wakamtazama. Kamanda alikuwa ameshika tonge. Nilimngoja. Nilisema moyoni, sema. Sema sasa, hapa hakuna mganga, hapa ni mwanamke mmoja na swali lake. Akamega samaki, akasema, "Ni mapenzi ya Mungu."

Niliinuka, nikamnyang'anya sahani mkononi. Msibani! Sahani ya mgeni, mbele ya wazee, na walinzi wake wana bunduki! Wanawake wakashika vinywa. Mlinzi mmoja akaninyooshea mtutu, na hata wakati ule, Mungu anisamehe, niliangalia ni wa kalibri gani. Kamanda akamshusha mkono. Aliinuka, akajifuta vidole kwenye suruali, akatoka nje bila kuaga.

Wazee wa ukoo walinikemea mpaka wakachoka. Walisema nimemwaibisha marehemu. Niliwaacha waseme. Nilikuwa bado nimesimama na ile sahani, sijui niiweke wapi.

Mama akaivuta nguo yangu. Akaichukua sahani, akaiweka chini kwenye mkeka mbele yake.

"Kaa," akaniambia. "Kula weye."